Lisansi si leseni: namna Marekani inavyomruhusu mtu kuwa kine



Mu inivasite zetu, neno la Kifaransa «licence» ni jina la diploma. Unasoma, unaandika memwari, unapita delibe, mama anapiga vigelegele, basi wewe ni lisansie mpaka siku ya kufa. Mu Kiingereza cha Marekani neno lile lile ni kitu kingine. Ni ruhusa ya jimbo ya kufanya kazi fulani. Iko na namba, iko na tarehe ya kuisha, na mtu anaweza kunyang'anywa. Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha zote mbili, sababu kiko na maneno mawili. Lisansi inasema ulisoma. Leseni inasema unaruhusiwa. Wengi wetu tunayachukua kama kitu kimoja, na leo nataka tuyatenganishe.

Nitayatenganisha kupitia kinesiterapi, ile kazi ya kurudishia mtu mwendo na nguvu za mwili kisha ajali, kupooza ao upasuaji. Nimechagua kazi hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, watu wetu wengi wa Kivu walipokelewa Marekani kupitia kambi za Uganda, Rwanda, Burundi na Tanzania, na kati yao muko vijana waliobeba diploma za kine ndani ya mfuko. Swali lao linarudi kila mara mu magrupu yetu: «Hii karatasi yangu itafanya kazi huku?» Ya pili, hapa kwetu vita na pikipiki vinatupatia kila siku watu wanaohitaji mikono ya kine. Swali la nani aruhusiwe kuwagusa linapita mambo ya ofisi.

Mutaniuliza: agronome anatafuta nini mu misuli ya watu? Jibu liko mu kazi yetu. Mbegu ya mahindi haipati lebo juu ya uzuri wa shamba lilikotoka peke yake. Huduma ya taifa ya mbegu, SENASEM, inakagua shamba, kisha laboratwari inapima usafi, unyevu na uwezo wa kuota. Shamba linaweza kupendeza macho na mbegu zake zikakataa kuota. Tangu nijifunze hiyo, kila cheti nakitazama vile: nani alipima, alipima nini, na yule aliyepima si yeye mwenye shamba?

Basi nimechukua masharti ya Marekani na kila moja nimeliuliza swali moja: unamkinga nani? Mgonjwa, ao cheo cha watu wa kazi ile? Mengine yamejibu vizuri. Mengine yamejibu vibaya sana.

MASHARTI YENYEWE

Kule iko milango miwili. Mmoja ni wa kine kamili. Mwingine ni wa asistanti wa kine. Tusimchanganye na asistanti wetu wa inivasite, yule wa kusahihisha interro. Huyu ni mutu wa hospitali, mwenye leseni yake mwenyewe.

Kine kamili anaanza na shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka 4, yenye biolojia, kemia, fizikia, anatomia na takwimu ndani. Kisha anaingia shule ya udaktari wa kinesiterapi, karibu miaka 3. Huu si udaktari wa kuandika tezi, ni udaktari wa kazi. Ndani yake lazima muwe angalau wiki 30 za staji ya siku nzima kwa wagonjwa. Shule yenyewe lazima iwe imekubaliwa na tume inayoitwa CAPTE. Kama tume haijaikubali, diploma yake haifungui mlango wa mtihani.

Kisha shule unakuja mtihani wa taifa, NPTE. Unatayarishwa na FSBPT, shirikisho la halmashauri za majimbo. Pointi zinahesabiwa toka 200 mpaka 800, na wa kupita anahitaji 600. Huwezi kuufanya zaidi ya mara 3 ndani ya miezi 12, wala zaidi ya mara 6 mu maisha yako yote. Ukipita, unaenda kwa halmashauri ya jimbo unamotaka kufanya kazi. Inachunguza kama huna makosa ya jinai, na majimbo mengine yanaongeza mtihani wa sheria zao. Njo unapata leseni. Na haujamaliza: leseni inafanywa upya kila muda fulani, na majimbo mengi yanadai uonyeshe kwamba uliendelea kujifunza.

Asistanti naye anasoma karibu miaka 2, mu shule iliyokubaliwa na tume ile ile. Anafanya mtihani wake tofauti, wa shirikisho lile lile, na pointi za kupita ni 600 vilevile. Anaongoza mazoezi, anamfundisha mgonjwa kutembea tena, ananyoosha viungo. Lakini haruhusiwi kumpima mgonjwa mara ya kwanza na kusema tatizo ni hili, wala kupanga matunzo. Hayo ni ya kine kamili, na asistanti anafanya kazi chini ya uongozi wake.

Namna hii haikushuka toka mbinguni. Wakati wa vita kuu ya kwanza, kazi hii ilifundishwa mu masomo mafupi ya haraka, kama yale ya chuo cha Reed, mji wa Portland, ambako Mary McMillan alifundisha mwaka wa 1918. Wanafunzi walikuwa wanawake wa kutunza askari walioumia. Mwaka wa 1921 McMillan akawa rais wa kwanza wa chama chao, kile kinachoitwa leo APTA. Polio ikaongeza kazi. Mwaka wa 1952 peke yake Marekani ilipata wagonjwa wa polio zaidi ya 57,000. Mikono ikakosekana, na mwaka wa 1967 chama kikakubali kuwe asistanti. Wa kwanza walimaliza shule mwaka wa 1969. Tuweke akilini kwamba asistanti alizaliwa juu ya uhitaji wa wagonjwa. Hakuzaliwa juu ya cheo.

NINAYOYASIFU

La kwanza: mwalimu hatoi ruhusa. Prof anakufundisha, anakupa pointi, anakupa diploma. Lakini mtihani wa leseni hautungwi na yeye, hausahihishwi na yeye, na hajui sura yako. Aliyesoma shule ya bei kali na aliyesoma shule ya jimbo la mashambani wanakutana mbele ya kipimo kimoja. Turudi kwa mbegu: hapa anayepima kuota si mwenye shamba. Sisi wote tunajua kwetu delibe inabeba nini ndani yake. Tunajua pointi ya kazi, pointi ya kununua silabi, na pointi ya kujulikana. Sisemi kila diploma iko vile. Nasema mgonjwa hana namna ya kutofautisha, na leseni njo inapaswa kumtofautishia.

La pili: mpaka wa asistanti umeandikwa. Anajua anachoruhusiwa na anachokatazwa, na kine anayemwongoza anajua vilevile. Wakati mgonjwa anaanza kuvimba mguu na kushindwa kupumua, hakuna ubishi juu ya nani aite nani. Mpaka ulioandikwa unamkinga mgonjwa, na unamkinga pia asistanti, sababu mkubwa hawezi kumsukumia kazi isiyo yake halafu kumlaumu kesho.

La tatu: leseni inaonekana na inaweza kuondoka. Raia anaweza kutafuta jina la kine mu orodha ya halmashauri ya jimbo na kuona kama leseni yake ingali hai. Akifanya ubaya mkubwa, halmashauri inaweza kuisimamisha ao kuifuta. Diploma haina dawa hiyo. Nani amekwisha kuona inivasite inarudi kwa mutu kisha miaka 10 kumwambia: leta lisansi yetu, umeitumia vibaya?

Mu mambo haya matatu, jibu la swali langu ni moja: mgonjwa njo anakingwa. Kama tungeishia hapa, ningesema tuige kila kitu. Lakini iko upande mwingine.

NINAYOYAKATAA

Kosa la kwanza ni udaktari.

Kwa miaka mingi kine wa Marekani aliingia kazini na shahada ya kwanza. Halafu ikapanda mpaka masta. Mwaka wa 1993 inivasite ya Creighton, jimbo la Nebraska, ikapokea wanafunzi wa kwanza wa udaktari wa kuingia kazini, na wakamaliza mwaka wa 1996. Mwaka wa 2000 chama chao kikatangaza maono: ikifika 2020, huduma hii itolewe na madaktari wa kinesiterapi. Na tangu 2016 tume ya CAPTE haikubali tena shule ya kine isiyotoa udaktari.

Sasa tufikiri kidogo. Wale waliopata leseni zamani na shahada ya kwanza hawakufukuzwa. Mwenye shahada ya miaka ya 1980 aliyetunza leseni yake anaruhusiwa kugusa mgonjwa yule yule, mu chumba kile kile, sawa na daktari mpya. Kama udaktari ni wa lazima kwa usalama wa mgonjwa, juu ya nini wa zamani wameachwa? Na kama wa zamani wako salama, juu ya nini mpya analazimishwa? Huwezi kushika majibu yote mawili.

Wanaotetea udaktari wako na hoja nzito, na si haki kuificha. Leo mu majimbo yote 50 mgonjwa anaweza, kwa namna moja ao ingine, kufika kwa kine bila kupitia kwa daktari kwanza. Kine anayepokea mtu wa kwanza lazima ajue kutofautisha maumivu ya mgongo ya kawaida na kansa iliyojificha ndani ya mfupa. Lazima ajue mguu uliochoka na mguu wenye damu iliyoganda. Hiyo inahitaji masomo ya kweli. Nakubali. Lakini mu Uingereza kine anapokea mgonjwa bila kutumwa na daktari tangu miaka mingi, na wengi wao wanaingia kazini na shahada ya miaka 3. Kwa hiyo hoja inaonyesha kwamba lazima afundishwe kugundua hatari. Haionyeshi kwamba lazima aitwe daktari.

Na jina lile halitolewi bure. Uchunguzi wa APTA yenyewe uliotoka 2020 ulionyesha kwamba wastani wa deni la masomo la kine mpya unapita dola 100,000. Mu takwimu za kazi za Marekani za mwaka wa 2023, mshahara wa katikati wa kine ulikaribia dola 100,000 kwa mwaka. Ukisikia toka Bukavu ao Uvira unasema: hao ni matajiri. Hapana. Ondoa kodi ya serikali, ondoa nyumba, ondoa riba ya deni, utaona mtu anayelipa jina lake kwa miaka. Na mtu mwenye deni kubwa ana sababu ya kukimbia kijiji na kufuata mji wenye pesa. Mgonjwa wa kijijini hapo amepata nini?

Hapa jibu la swali langu linabadilika. Sehemu moja ya udaktari inamkinga mgonjwa, na sehemu ingine inakinga cheo. Watu wa kazi walichoka kusimama nyuma ya daktari wa hospitali kama watumishi, wakatafuta jina la kuwasimamisha pembeni yake. Hasira yao naielewa, sisi ma-agronome tunajua namna ya kupigania neno «enjinia». Ila asiyekuwemo mu ubishi ule njo analipa.

Kosa la pili ni ukuta katikati ya milango miwili.

Asistanti anasoma miaka 2, anapita mtihani wa taifa, anafanya kazi miaka 10. Ameona magoti mengi kuliko daktari mpya aliyetoka shule jana. Sasa anataka kupanda awe kine kamili. Kwa kawaida anaambiwa: rudia mwanzo. Tafuta shahada ya kwanza ya miaka 4, jaza kemia na fizikia, kisha omba nafasi ya udaktari kama kila mtu. Masomo mengi ya asistanti hayahesabiwi humo. Shule zilizotengeneza daraja ni za kuhesabu kwa vidole. Inivasite ya Findlay, jimbo la Ohio, ni moja, na masomo yake ni ya mwisho wa juma kwa watu wanaofanya kazi. Kama shule moja imeweza, haiwezekani kusema ni jambo lisilowezekana.

Tena tangu 2022, Medicare, bima ya serikali ya wazee, inalipa asilimia 85 tu ya bei ya kawaida kama matunzo yametolewa na asistanti. Kwamba aliyesoma kidogo alipwe kidogo, sitabishana. Mu takwimu zile za 2023 asistanti alipata kama dola 64,000 kwa mwaka, na tofauti hiyo inaeleweka. Ninachokataa ni kumwambia mtu: unalipwa kidogo juu haukusoma sana, na kusoma zaidi kuko upande wa pili wa ukuta. Mpaka unaokataza kazi ya hatari unamkinga mgonjwa. Ukuta unaokataza kupanda haumkingi mtu yeyote isipokuwa waliokwisha kupanda.

Kosa la tatu linawagusa ndugu zetu waliofika kule.

Kine aliyesoma nje ya Marekani hapewi mtihani moja kwa moja. Kwanza masomo yake yanapimwa, kozi kwa kozi, saa kwa saa, yalinganishwe na ya shule za Marekani. Iko ofisi maalum za kupima, na inayojulikana zaidi inaitwa FCCPT. Watu wengi wanadaiwa pia mtihani wa Kiingereza. Kupima si ubaya. Mtu atakayemnyoosha mzee mwenye moyo dhaifu lazima apimwe. Ubaya uko mu kitu wanachopima. Wanapima karatasi za kozi, na karatasi za kozi zinasema tu saa ulizokaa mbele ya ubao. Kama wako na mtihani mmoja wanaouamini kiasi cha kumpa leseni mtoto wa Ohio, juu ya nini hawauamini zaidi kwa mtoto wa Kivu, na kuuongezea staji ya miezi chini ya macho ya kine wa kule? Mbegu iliyovuka mpaka, unaipima kuota. Haumalizi siku nzima ukihesabu mara ngapi shamba lilipaliliwa.

Na karatasi zetu, tuseme ukweli, haziwasaidii. Zamani tulikuwa na grade miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 LMD imeenea nchi nzima, na lisansi imekuwa ya miaka 3. Kwa hiyo mu mji mmoja muko watu wawili wenye neno lisansi juu ya diploma, mmoja alisoma miaka 5, mwingine 3. Sisi wenyewe tunabishana juu ya hilo kila siku. Mpimaji wa kule, ambaye hajawahi kusikia neno grade, atafanya nini?

Kwa hiyo, mwenye diploma ya kine anayefikiri siku moja kuvuka, ao aliye na ndugu kule, asikilize haya. Chukua releve za kila mwaka, usingoje diploma peke yake. Tunza yaliyomo ya kila kozi, yenye saa za teoria na saa za pratike. Fanya staji zako ziandikwe: hospitali gani, wagonjwa wa aina gani, saa ngapi, nani alisaini, na muhuri. Omba yote ungali hapa, wakati sekretaria ingali na faili yako na mkuu wa idara angali hai. Ndugu yako wa Marekani akikutuma kumtafutia karatasi hizo, usimfanye angoje mwaka. Na yeye asome masharti ya jimbo lake mwenyewe, si ya jimbo la rafiki yake, sababu leseni inatolewa na jimbo. Karatasi hizi hazimpi mtu leseni. Zinamfikisha mbele ya mtihani, na hapo mikono na akili yake njo vinasema.

NA SISI?

Sasa tujitazame. Kosa la Marekani ni kuongeza masharti mpaka mengine yanasahau mgonjwa. Ugonjwa wetu unaelekea upande mwingine: mambo yote yanaishia shuleni. Ukipita delibe, hakuna anayekungoja mlangoni kuuliza unaweza kufanya nini. Mu kazi yangu naona hivyo. Kijana anayepewa jina agronome atamshauri mkulima juu ya dawa ya wadudu, kipimo na siku za kungoja kabla ya kuvuna, na ushahidi wake wote ni diploma. Mbegu atakayouza imepimwa kuota. Yeye mwenyewe hakupimwa.

Mu mambo ya mwili, hatari ni karibu zaidi. Anayeangukia pikipiki Bukavu, wengine wanampeleka kwanza kwa mtu wa kuunga mifupa, kisha hospitali, kisha anarudishwa nyumbani na mguu mgumu. Goma iko kituo cha Shirika la Umoja, kinachotengenezea watu viungo vya bandia, na Bukavu iko Heri Kwetu, inayotunza watoto na watu wenye ulemavu. Mtu aliyekatwa mguu juu ya risasi hapewi mguu wa bandia na kuondoka akitembea siku ile. Lazima kisiki kitayarishwe, misuli ifundishwe, mwili ujifunze upya kubeba uzito. Hiyo ni kazi ya kine, ya wiki na miezi. Ikifanywa vibaya, mguu wa bandia unabaki chini ya kitanda, na mtu anarudi kwa magongo.

Na mgonjwa wetu, akiona bluzi nyeupe, anasalimu na kunyoosha mguu. Hana mazoea ya kuuliza: wewe ni kine, ao uko mwanafunzi wa staji? Namba yako ni gani? Nani anakuongoza? Si kosa lake. Hatujamzoeza kwamba haki hiyo ni yake.

Iko watakaosema leseni ni mambo ya matajiri, sisi tuna watu wachache, tusiwafungie mlango. Nawajibu: Kenya ilipitisha sheria ya kazi hii mwaka wa 2014, yenye baraza la kuandikisha wanaoifanya. Tena uchache wa watu ni sababu ya kuiga kile Marekani ilifanya 1967, si kile ilifanya 2016. Ilipokosa mikono, ilifundisha asistanti kwa miaka 2, ikamwandikia mpaka wake, ikamweka chini ya macho ya mkubwa. Hiyo inatufaa. Kumwita kila mtu daktari hakutufai.

Kama ningeulizwa na walio ISTM na mu kitivo cha tiba, ningeomba mambo manne. Lisansi ya miaka 3 ya LMD ibaki mlango wa kuingia, na masta iwe ya wanaotaka utaalamu, isigeuke kuwa ukuta. Kisha lisansi, kuwe mwaka mmoja wa kazi chini ya kine mwenye uzoefu, na mwishoni mtihani mbele ya wapimaji wa shule ingine, wenye kutazama mikono ya mtu juu ya mgonjwa wa kweli. Kuwe asistanti wa kine mwenye mpaka ulioandikwa, na miaka yake ya kazi ihesabiwe siku anapotaka kupanda. Na orodha ya wanaoruhusiwa ibandikwe pale mgonjwa anapoweza kuisoma, kwa lugha anayoisoma: kwenye mlango wa hospitali, kwa Kiswahili.

Hakuna hata moja linaloomba majengo. Yote yanaomba kitu kigumu zaidi: kukubali kwamba diploma yetu, tuliyoipata kwa jasho na kwa mbuzi wa wazazi, haitoshi peke yake. Najua neno hilo linauma. Tumefundishwa kwamba lisansi njo mwisho wa safari. Lakini mama mwenye mtoto wa miguu iliyopinda hatafuti kujua safari yako. Anataka kujua kama mikono inayomshika mtoto wake ilipimwa, na ilipimwa na nani.

Ba-kine mulio humu, munisahihishe pale nimepotoka, hasa mulio kule ng'ambo na mulio mu staji sasa. Na wa vitivo vingine, kila mmoja aandike hapa chini: mu kazi yako, nani angepaswa kukupima kisha delibe, na angekupima nini?